Baba mkubwa anataka nimimine mbege kaburini, nami nimeokoka

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia kuomba ushauri wako.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mtoto wa kwanza nyumbani kwetu Old Moshi, Kilimanjaro. Naishi Dar es Salaam, ni mhasibu. Niliokoka nikiwa mwaka wa pili chuoni, na tangu hapo nasali na kikundi cha maombi ambacho kwa kweli ndicho kilichonilea.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, mchungaji wa usharika akaongoza ibada, kwaya ya akina mama ikaimba, tukaweka mashada, tukamshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha. Mwezi uliopita baba mkubwa akanipigia simu. Ukoo umekaa na kuamua kwamba Desemba, watu wote wakishapanda nyumbani, "tutamalizia ya baba yako." Atachinjwa mbuzi alfajiri, mbege, pombe yetu ya ndizi, itakuwa tayari, kisha tutakwenda kaburini penye masale, ile mimea yetu ya mila. Pale mimi, kama mkubwa, nitapewa kata, nimimine mbege chini na kusema na baba: tumekukumbuka, nawe utukumbuke. Na mbuzi natakiwa nimnunue mimi.

Nilimweleza kiongozi wetu wa kikundi. Hakufikiria hata dakika moja. Alisema nisikanyage, kwamba ukitia kipande kimoja mdomoni umeketi meza ya mashetani. Akanishauri nimtumie baba mkubwa ujumbe wa simu kwamba nimeokoka na sitaki mambo ya giza, kisha nibaki Dar sikukuu zote.

Mama yangu ni Mlutheri, na yeye ni wa hiyohiyo kwaya iliyomwimbia baba. Nilipomwambia sitakwenda alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu akasema: "Mwanangu, baba yako hayupo. Na wewe usipokuwepo, nitasimama na nani mbele ya ukoo?"

Kuna jambo sijamwambia mtu. Dada yangu anayenifuata mimba yake iliharibika mwezi wa saba. Mdogo wetu amesimamishwa kazi. Shangazi anasema baba ana kinyongo kwa sababu hajamaliziwa. Mimi ndiye ninayeongoza maombi ya usiku katika kikundi chetu, lakini nimemwota baba mara mbili amesimama mlangoni hasemi kitu, na mara zote mbili nimeamka natetemeka. Ninachowakemea wengine, ninakiogopa.

Nimetafuta vitabu kuhusu imani na utamaduni. Vingi nilivyovipata ni vya Marekani, vinazungumzia filamu zao, uchaguzi wao na shule zao. Sijaona kinachomzungumzia mtu aliyeitwa na ukoo wake kwenye kaburi la baba yake.

Mama, niende au nisiende? Na nisome nini?

Mwana wa Kihamba, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe milele. Pole sana na msiba wa baba. Miezi michache ni siku chache mno kwa mtoto wa kwanza, na nakuona umebeba mzigo huo huku umesimamia na mambo ya watu wengine.

Nikujibu kwanza, kisha tuzungumze. Nenda. Nenda mapema kuliko wanavyokutarajia. Na mbege ya kaburini usiimimine. Najua kiongozi wako atayaona maneno haya mawili yanapingana, na baba mkubwa naye ataona hivyohivyo. Mimi sioni kwamba yanapingana, na sababu yangu naanza kukueleza kwa jambo lililonipata mwenyewe.

Kwetu ni Marangu. Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka 26, nimeokoka miaka minne. Siku ukoo ulipokusanyika nilijifungia chumba cha nyuma nikiwa na Tenzi za Rohoni, nikaimba kwa sauti kubwa ili nisisikie kinachosemwa nje. Baba mdogo alibisha hodi mara tatu. Mara ya tatu alipitisha kitu chini ya mlango: jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Nililisukuma nje kwa mguu na kulikemea kwa jina la Yesu.

Miaka sita baadaye, tukimenya ndizi jikoni kwake, shangazi akaniambia. Kaka yangu, ambaye tulikuwa tumegombana vibaya juu ya ada ya mdogo wetu hata tukaacha kusalimiana, alimwendea baba mdogo siku ile na kumwomba aniletee isale kwa niaba yake. Wewe ni Mchagga, unajua uzito wake: anayeletewa isale hakatai. Lile jani halikuhusu marehemu hata kidogo. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa ananiomba msamaha, nami nilimkemea kama pepo. Kaka alikwisha kuhamia mbali wakati huo, na ilituchukua miaka mingine mitatu kupatana.

Nikuambie na upande wa pili, kwa sababu nataka kuwa mkweli kwako. Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, kuna maneno yalisemwa kwa marehemu ambayo hata leo nisingeyaitikia. Aliombwa baraka, akaombwa asikasirike, akapewa chake. Msamaha ulikuwapo na tambiko lilikuwapo, watu walewale, saa ileile. Mimi sikuuliza kipi ni kipi, na kosa langu liko hapo.

Fungua Biblia yako, Yoshua sura ya 22. Wana wa Reubeni na wa Gadi na nusu ya kabila la Manase walirudi ng'ambo yao ya Yordani, wakajenga madhabahu kubwa. Waliosalia wakasikia, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, maana madhabahu nyingine ni uasi. Lakini kabla ya kupigana walimtuma Finehasi kuhani na wakuu kumi waende kuuliza. Finehasi huyu ndiye aliyeshika mkuki katika Hesabu 25, hakuna aliyemzidi kwa wivu wa Mungu. Akaenda akauliza, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Wakamwambia madhabahu hii si ya sadaka wala ya kuteketezwa, ni ushahidi kati yetu na ninyi, ili watoto wenu wasije wakawaambia watoto wetu kwamba hawana sehemu katika Bwana. Vita ikaishia hapo. Laiti wangejibu kwamba ni ya sadaka, habari ingekuwa nyingine, na Finehasi angejua la kufanya. Kuuliza hakukumlegeza.

Kwa hiyo usimtumie baba mkubwa ujumbe wa simu. Panda basi mwezi wa kumi na moja, wikendi moja tu inatosha, umchukulie sukari, ukae naye mahali pa faragha. Umwambie: "Shikamoo baba mkubwa. Nimekuja kujifunza kabla ya siku yenyewe. Nifundishe kila hatua, inaitwaje, inasemwa nini, na inasemwa kwa nani." Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote, lakini usianze nalo. Mwache aeleze kwa njia yake. Mzee anayeulizwa na kijana wa mjini kuhusu mila, tena kwa heshima, atazungumza hadi giza liingie. Mara nyingi utagundua kuna hatua ambazo yeye mwenyewe hajui kwa nini zipo, na nyingine anazozishika kwa moyo wote.

Nadhani utakuta mambo haya: kuna kukusanyika tu, watoto kujuana. Kuna madeni ya baba, nani anadai na nani anadaiwa. Kuna kihamba, mipaka yake na nani anakaa na mama. Kuna mgawo wa nyama, kila mtu na kipande chake, na kwetu kipande cha nyama kinasema nafasi ya mtu katika ukoo kuliko hati yoyote. Kuna kupatanisha waliokosana. Mambo hayo karibu yote mtoto wa Mungu anayaingia kifua mbele, na mengine ni wajibu wako kwa amri ya kuwaheshimu baba na mama. Halafu kuna kata ya mbege inayomiminwa chini na neno linaloelekezwa kwa baba. Hilo ndilo uliloandikiwa katika Kumbukumbu la Torati 26:14, pale Mwisraeli anapotamka mbele za Bwana kwamba katika zaka yake hakutoa kitu kwa ajili ya wafu. Neno hilo lina umri mkubwa kuliko wamisionari na kuliko kikundi chenu. Wazungu hawakulileta Kilimanjaro kuwadharau babu zetu. Waliambiwa watu waliokuwa na koo na makaburi na mashamba ya urithi kama sisi.

Kuhusu mbuzi, Paulo anakusaidia moja kwa moja katika 1 Wakorintho 10. Kiuzwacho sokoni kula bila kuulizauliza. Ukialikwa kula, kula. Lakini mtu akikuambia hiki kimetolewa sadaka, usile. Mbuzi ni mbuzi, kinachombadilisha ni neno linalosemwa juu yake. Mimi ningekushauri umnunue mbuzi wako, umpeleke kwa jina lako, uwaambie wazee mapema kwamba huyu ni wa kulisha ukoo na wageni siku ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya baba, achinjwe mchana baada ya sala. Wakitaka mwingine wa alfajiri, hilo ni lao na fedha yako haimo. Kisusio, ile supu ya mbuzi, kwa vile kina damu, najua Wakristo wa mlimani hawajakubaliana. Wapo wanaosoma Matendo 15 na kukiacha, wapo wanaokinywa kwa dhamiri safi. Mimi sikinywi. Usiligeuze kuwa vita.

Sasa vitabu. Ulivyovikuta vya Marekani usivichukie. Wale wanajibu maswali ya nyumbani kwao, na wana haki hiyo. Shida inakuja tunapochukua majibu yao na kuacha swali letu mezani. Na sisi tuna maktaba yetu, ila wengi hawatuambii iko wapi.

Anza na jambo fupi kabisa, Agano la Lausanne. Liliandikwa mwaka 1974 huko Uswisi, kwenye kongamano la Wakristo wa kiinjili lililokuwa na washiriki 2,400 hivi kutoka nchi 150, na Waafrika walikuwamo. Soma aya ya 10, inayohusu uinjilisti na utamaduni. Haizidi ukurasa, na inapatikana bure kwenye intaneti. Inasema kwamba kwa kuwa mwanadamu ni kiumbe cha Mungu, sehemu ya utamaduni wake ina uzuri na wema mwingi, na kwa kuwa ameanguka, wote umetiwa doa la dhambi na sehemu nyingine ni ya kishetani. Mpe kiongozi wako aisome, nawe umsomee baba mkubwa. Kila mmoja ataipenda nusu yake. Aya hiyohiyo inakiri kwamba mara nyingi misheni zilisafirisha utamaduni wa kigeni pamoja na Injili. Tafakari juu ya mashada tuliyoweka juu ya makaburi ya baba zetu, wewe na mimi. Yametoka wapi? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu yalifika pamoja na kanisa.

Baada ya hapo tafuta maandishi ya Paul Hiebert, mwanaanthropolojia Mmenoni aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari. Mwaka 1982 aliandika makala kuhusu tabaka la katikati lililosahauliwa. Alisema elimu ya Magharibi ilimfundisha mmisionari kuona Mungu juu na sayansi chini, lakini hapo katikati, palipo na wahenga, majini, laana na ndoto, hakuwa na neno la kusema. Mtu wa kijijini akabaki na maswali yake. Jumapili akaenda kanisani, na mtoto alipougua akaenda kwa mganga usiku. Mwaka 1987 akaandika nyingine kuhusu namna ya kushughulikia mila za kale. Mila ikikataliwa bila kuchunguzwa haifi, inajificha. Ikipokelewa bila kuchunguzwa inaimeza imani. Njia yake ni kwamba waumini wenye mila hiyo wakae pamoja, waieleze yote bila kuihukumu kwanza, wasome Maandiko yanayogusa jambo hilo, kisha wao wenyewe, sio mgeni, waamue kipi kibaki, kipi kiachwe, na kipi kipewe sura mpya. Nilipomsoma mara ya kwanza nililia, kwa ajili ya lile jani.

Sura mpya si ndoto. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliruhusu jando lifanyike chini ya kanisa, padri akiwapo, mafundisho ya aibu yakaondolewa na mafunzo ya Kikristo yakawekwa. Wale hawakuwa Wakristo wa kiinjili kama sisi, tungetofautiana nao kwa mengi. Kwa wavulana ilishika mizizi. Kwa wasichana ilikuwa ngumu zaidi, maana unyago ulikuwa mikononi mwa kina mama ambao mapadri wanaume hawakuwa na njia ya kuwafikia. Somo lake ninalilenga nyumbani kwako: huwezi kubadilisha mila ya Old Moshi bila baba mkubwa na shangazi kuwa ndani ya mazungumzo.

Na kwenu Old Moshi hasa kuna historia unayoikanyaga bila kujua. Bruno Gutmann wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na, ukiondoa miaka aliyorudishwa Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alihudumu mpaka 1938, sehemu kubwa hapohapo kwenu. Aliandika sheria na mafundisho ya Wachagga kwa maelfu ya kurasa. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewawekea watu, na kanisa halina budi kujengwa juu yake. Mimi naona alikosea mahali: aliwapenda Wachagga wa jana mpaka akawaonea mashaka Wachagga waliotaka shule na biashara. Lakini swali lake halijazeeka.

Mwafrika aliyelishika vizuri zaidi kwangu ni Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, yule aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mwaka 1974 kilitoka kitabu chake kwa Kiingereza kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Alikuwa Mhaya wa ukoo na alikuwa mtu wa uamsho, vyote viwili. Anauliza jambo linalokugusa: mtu akiokoka anatoka katika ukoo uliomzika baba yake, uliomlipia ada, uliomwoza. Je, kanisa linampa ushirika wenye nguvu ileile, au linampa ibada ya Jumapili tu?

Ukiwa na nguvu ya kusoma zaidi, soma wawili waliopingana, na usome wote. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini za Kiafrika, alitumia maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba marehemu anayekumbukwa bado kwa jina yumo katika sasa, ni mfu aliye hai. Kwa watu wa ukoo wako, baba yako yumo katika sasa. Ukilielewa hilo hutamwona baba mkubwa kama mchawi, utaona anaogopa kumsahau mdogo wake. Byang Kato wa Nigeria alimjibu Mbiti na wenzake kwa ukali mwaka 1975. Kato aliijua dini ya jadi kwa ndani, kwani wazazi wake walimweka wakfu angali mchanga awe kuhani wa jadi. Aliogopa kwamba tukimheshimu mhenga kupita kiasi tutampunguza Kristo. Alikufa maji Mombasa Desemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 39, na mazungumzo yao hayakupata nafasi ya kukomaa. Katika jambo la kumimina mbege nasimama na Kato. Katika namna ya kumsikiliza baba mkubwa, Mbiti amenifundisha zaidi.

Kwa kusoma Biblia yenyewe, upate ile Africa Bible Commentary ya mwaka 2006, iliyohaririwa na Tokunboh Adeyemo na kuandikwa na Waafrika 70. Ni ya juzuu moja, nzito kama tofali, Kiingereza chake si kigumu, na katikati ya maelezo ya vitabu vya Biblia kuna makala fupi kuhusu mambo yetu, kama uchawi, wajane na yatima. Uliza katika maduka ya vitabu vya Kikristo hapo Dar, au ukishafika nyumbani, siku moja panda gari la kuelekea Arusha, ushuke Usa River ukaulizie maktaba ya Makumira, chuo cha Kilutheri. Vingine nilivyokutajia huenda usivipate madukani, lakini maktaba za vyuo vya theolojia hazivitupi.

Nije kwenye hofu yako, maana naona ndiyo iliyokufanya uandike.

Asante kwa kuisema. Wewe si mnafiki. Umefiwa na baba, na mtu aliyefiwa humwota marehemu wake. Mimi nilimwota wangu mwaka mzima. Ndoto ya baba aliyesimama mlangoni kimya haina neno lolote ndani yake. Neno la kinyongo amelitia shangazi, naye amelitia kwa sababu anaumia na anatafuta sababu. Soma Waebrania 2:14 na 15, pale panaposema Kristo alikufa ili awaweke huru wale ambao kwa hofu ya mauti walikuwa utumwani maisha yao yote. Mwandishi hakukemea watu wenye hofu, alisema Kristo alikuja kwa ajili yao. Soma kwa sauti chumbani kwako kabla ya kulala. Na dada yako mpigie leo, usingoje Desemba. Mwambie kwamba baba hakumchukua mtoto wake. Muulize kama alirudi hospitali kuchunguzwa, na kama hakurudi umtafutie nauli. Amebeba maneno ya shangazi tangu mwezi wa saba, na sidhani kuna mtu aliyemwambia kinyume chake.

Kiongozi wako sitamsema vibaya. Amekulea, na hofu yake juu ya tambiko ina msingi. Lakini kumbuka tulikotoka tunaoitwa walokole. Jina lenyewe ni la Kiganda, waliookoka, na uamsho ulioanza Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 ulifika Bukoba, ukafika na kwetu. Wale walikataa mambo mengi, wakalipia. Wakati wa Mau Mau kule Kenya wapo walokole waliokataa kiapo kwa sababu wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, wakakataa pia bunduki za serikali, na wapo waliouawa. Lakini hawakukataa kwa kuhama. Walibaki kijijini, wakalima jirani na waliowachukia, wakazikana. Waliitana ndugu, na ndugu akifiwa walijaa uwanjani kwake. Kwa hiyo muulize kiongozi wako kwa upole: Desemba, watakuja Old Moshi? Hata wawili? Wakae na mama yangu jikoni, wasimame nami kaburini nikikataa kata? Akisema ndiyo, umepata kanisa. Akisema hapana, basi asikutume peke yako kuvunja kitu ambacho yeye hayuko tayari kukijenga.

Siku yenyewe. Zungumza na mchungaji wa usharika au mwinjilisti wa mtaa wiki mbili kabla, aje kuongoza sala kaburini mapema. Wazee wetu wengi ni Wakristo, na sala ikitangulia, nimeona mara nyingi mambo mengine yanafupishwa bila mtu kulazimishwa. Wewe usingoje kupewa kata ndipo ukatae mbele ya watu, huko ni kumwaibisha mzee. Mwambie faraghani ile wikendi ya mwezi wa kumi na moja, baada ya kumsikiliza: "Baba mkubwa, nitasimama pembeni yako. Nitamshukuru Mungu kwa ajili ya baba kwa sauti, mbele ya ukoo wote, nitaje mema yake moja moja. Nitalipa madeni yake. Mama nitamtunza. Lakini kumwomba baba siwezi, kwa sababu yeye naye yuko mikononi mwa Ruwa." Tumia jina hilo. Wakristo wa mlimani wamemwomba Mungu kwa jina hilo vizazi vyote hivi.

Anaweza kukasirika. Anaweza kusema utalaaniwa, au kata akapewa mdogo wako au binamu. Hapo usibishane na usiondoke. Baki na kaa, ugawe chakula, ubebe maji, uwaamkie wazee wote. Mtu akikuuliza mbona hukushika kata, mjibu kwa sentensi moja na umpe kiti. Itakuuma. Pengine itachukua Desemba tatu au nne kabla baba mkubwa hajakuona kuwa mtoto wa ukoo tena, na sikuahidi hata hilo.

Na ukifika usianzie kwa wazee. Pitia mlango wa nyuma umkute mama jikoni, umpokee sufuria mkononi, umwambie umekuja na unalala hapa hadi mwaka mpya. Kisha muulize yeye, mjane wa baba yako, angependa kusema nini kaburini. Katika barua yako yote sijaona mtu aliyemuuliza.